Mwanamume Mwenye Udongo Kwenye Koti

Eda ya mume wangu niliikaa ndani ya chumba alimokuwa akiweka bidhaa zake. Ndicho kilikuwa pia chumba chetu cha kulala, maana nyumba ya mama yake pale Kamembe, mpakani na Congo, haikuwa kubwa, na baada ya mambo tuliyoyaona miaka ile ya mauaji na uporaji mume wangu hakupenda kuacha mali dukani. Alikuwa akinunua vitu vilivyotumika upande wa Bukavu, redio, pasi, saa za ukutani, kaseti za muziki na za video, akivuka navyo na kuviuza huku kwetu. Makatoni yalizunguka kitanda mpaka dirishani. Miguuni pa kitanda, juu ya sanduku la bati, palikuwa na televisheni ndogo na mashini ya video aliyoitumia kujaribu kaseti kabla hajaziuza.

Alikufa vita vya pili vya Congo vilipoanza, mwezi wa nane. Lori alilopanda lilipigwa risasi kwenye barabara ya Nyangezi. Sisi hatukujua. Mpaka ulikuwa umefungwa, mizinga ilisikika kutoka ng'ambo, tukadhani amekwama Bukavu kama watu wengine. Habari zilifika baada ya wiki saba. Wafanyabiashara wawili waliokuwa naye kwenye lori, mmoja wao mzee wa mtaani kwetu aliyekuwa akiuza vitenge, walikuja wakavua viatu, wakakaa mkekani, wakasema mbele ya shehe kwamba walimwona amekufa na kwamba walisaidia kumzika kando ya barabara, haraka, pamoja na wengine wawili.

Shehe alisema siku za eda zinahesabiwa tangu mtu alipokufa, kwa hiyo za kwangu zilikuwa zimekwisha kupungua wiki saba. Mama mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba wiki hizo saba mimi nilikuwa nikienda sokoni, nikicheka na watu, nimepaka wanja, na hiyo si eda. Zihesabiwe tangu leo. Shehe alijaribu tena kwa upole. Mwisho akaniangalia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sina mtoto, na nilikuwa nakaa kwa watu. Nikasema sawa, tangu leo.

Basi nikaingia chumbani. Nilitoka kwenda uani tu, kuoga na kujisaidia, nikiwa nimejitanda. Mama mkwe alikuwa mjane wa siku nyingi, mwanamke mrefu, mkimya, anayefanya kazi kuanzia alfajiri. Hakuwahi kunitukana hata siku moja. Aliniletea chakula mwenyewe, ugali wa muhogo na sambaza, wale dagaa wa ziwani, akakaa mlangoni mpaka nimalize, akaondoka na sahani. Alipotoka alifunga mlango kwa ufunguo. Alisema ni kwa sababu ya wageni wanaume wanaopita ukumbini. Nilimwamini wiki ya kwanza.

Aliyeniokoa na kuwa peke yangu ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akisoma sekondari. Alasiri akitoka shule alichukua ufunguo kwa mama yake, akaingia kwangu na vitabu vyake. Yeye ndiye aliyeanza kufungua makatoni ya kaka yake, kwanza kwa kulia, baadaye kwa uchovu tu wa kukaa. Siku moja katika mwezi wa kumi alitoa kaseti moja ya video yenye mhuri wa maktaba ya shule fulani ya Bukavu. Karatasi ya ndani ilieleza kwa Kifaransa kwamba hii ni picha ya kutisha, ya wakati sauti ilikuwa ndiyo kwanza inaingia kwenye sinema. Wifi akasema, tuione, tupunguze sauti, Mama yuko uani anatwanga.

Nilijua si jambo la mtu aliye edani. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu akakuchukua kama ruhusa.

Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na sauti yake ilikuwa ikichemka muda wote kama mafuta kwenye kikaango. Watu walisema Kiingereza, maandishi ya Kifaransa yakipita chini, na wifi akinitafsiria. Hapakuwa na muziki. Walisema polepole sana, kama mtu anayezungumza na kiziwi, na kabla ya kusema walikwenda wote kusimama karibu na chombo kimoja cha maua. Wifi ndiye aliyegundua jambo hilo. Kila aliyetaka kusema alivuka chumba kizima akayafuata maua, na tukacheka mpaka tukaziba midomo kwa kanga. Miaka mingi baadaye mtu anayejua mambo hayo alinieleza kwamba kipaza sauti kilikuwa kimefichwa humo, na mashini za wakati ule hazikuweza kusikia mbali.

Hadithi ilikuwa hivi. Mwanamke amefiwa na mumewe, na anakaa katika nyumba kubwa chini ya mlima pamoja na daktari, ndugu wa marehemu. Daktari anamfungia ndani, akisema ni kwa ajili ya afya yake. Jioni mumewe anatoka kaburini, anashuka kwa miguu hadi nyumbani, anabisha mlango. Uso wake umepakwa unga, macho ameyatoa, anatembea kama mtu aliyekufa ganzi miguu yote miwili, na koti lake limejaa udongo. Mwanamke akimwona dirishani anapiga kelele ndefu, mkono mdomoni. Hakuna anayemsadiki. Mwisho anafika kijana mwandishi wa magazeti, nyumba inashika moto, mfu anaungua humo ndani, na mwanamke anaondoka na yule kijana kwa motokaa, wote wawili wanatabasamu.

Haikututisha hata kidogo. Popo aliyeruka mle kwenye picha alikuwa amefungwa uzi, na uzi tuliuona. Yule mfu alipolazwa jenezani kifua chake kilipanda na kushuka. Kamembe ya miaka ile haikuwa na mtu asiyejua maiti inavyokaa, na huyu alilala kama mzee aliyeshiba. Wifi alisema watu wa kale walikuwa na bahati, kama hii ndiyo iliyowatia hofu.

Lakini nilipobaki peke yangu niliwaza zile kelele za mwanamke. Anabisha mume wake, ametembea usiku kucha, ana udongo, amechoka, na mkewe anapiga kelele. Mimi ningefungua. Ningemvua lile koti mlangoni na kumpelekea maji ya kuoga. Nilimwambia wifi hivyo kesho yake, naye hakucheka. Tukaiweka tena. Kisha tena. Ilikuwa kaseti moja kati ya nyingi, lakini nyingine zilikuwa za ngoma na mpira, na ngoma edani tuliogopa.

Siku ya nne au ya tano mama mkwe alitukuta. Hatukusikia kinu kimenyamaza. Mlango ulifunguka, naye akasimama, mkono wake una pumba. Wifi aliruka kuizima mashini. Mama yake akamwambia aache.

Kwenye kioo, mume alikuwa akishuka mlima. Mama mkwe akamwangalia akishuka, akamwangalia akifika kwenye ngazi, akibisha mara tatu. Kisha akaketi kwenye katoni. Akauliza huyo ni nani. Wifi akamweleza kwa sauti ndogo, kama anayejitetea, kwamba ni mtu aliyekufa na sasa anarudi kwake. Mama mkwe aliangalia mpaka mwisho, mpaka moto. Kijana na mwanamke walipokuwa wakiondoka na motokaa, akasema, "Bamemuchoma."

Wifi akaizima mashini.

"Huyu muntu hana mama?" akauliza.

Wifi akasema hapana, katika picha hii mama yake hayumo.

"Ndiyo maana," akasema. Akainuka kwenda kutia udhu.

Tulidhani kaseti itachukuliwa. Haikuchukuliwa. Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, alikuja na kigoda chake mwenyewe, akamwambia wifi aanzishe pale mtu anapotoka. Hakutaka mwanzo, na hakutaka moto. Alitaka kushuka kwake mlimani na kubisha kwake tu. Wifi akawa anarudisha kaseti nyuma na kuiacha itembee, anairudisha na kuiacha, mpaka mistari myeupe ikaanza kukata picha. Mama mkwe hakulia. Alisogeza uso karibu na kioo kama anayesoma barua. Mara moja alisema yule mtu anatupa mguu wa kushoto kama mtoto wake. Kweli mume wangu alikuwa na mguu wa kushoto uliovunjika utotoni. Nilitaka kusema kwamba huyu ni mwigizaji tu, mzungu aliyepakwa unga, na amekufa zamani. Nilikuwa nimeketi kitandani nyuma yake, naye alikuwa ameketi kati yangu na mlango.

Ilikuwa hivyo kila siku kwa wiki nyingi. Picha niliyoicheka ikawa sasa ndiyo inayonitisha. Nilianza kuogopa adhana ya alasiri, kwa sababu baada yake kigoda kingekuja.

Siku za hesabu ya shehe zilikwisha siku chache kabla ya Ramadhani. Shehe mwenyewe alipita kusema kwamba mimi sasa niko huru mbele ya Mungu, na kama mama anapenda kungoja hesabu yake, basi ni wema, si faradhi. Mama mkwe alimsikiliza vizuri, akamshukuru. Shehe alipoondoka, mama mkwe akaja chumbani kwangu, akasimama.

"Hakuna hesabu tena," akasema. "Mume wako hajafa. Ungojee."

Nilimuuliza, Mama, na wale mashahidi wawili? Akasema mashahidi walikuwa wakikimbia risasi. Mtu anayekimbia anaona nini? Walimzika mtu, ndiyo, lakini nani aliwaambia ni yeye? Aliyasema kwa utulivu kabisa, kama anayekata bei ya nyanya. Kisha akafunga mlango.

Hapo ndipo nilipojua nimekamatwa. Mjane ana siku zake, akizimaliza anatoka. Mke wa mtu aliyesafiri hana siku. Hata nguo za eda sikuweza kuzivua, maana kuzivua kungekuwa kukiri kwamba eda ilikuwepo na imekwisha, na kuzivaa kungekuwa kusema amekufa. Mama mkwe aliniletea gauni langu la maua nilivae. Nililivaa nikaketi nalo kitandani kati ya makatoni, na lilinibana kifuani. Nilikuwa nimenenepa kwa kukaa.

Ramadhani ilipoingia aliacha kuangalia kaseti, akasema mwezi huu si wa picha. Nilipumua siku moja. Siku ya pili alikuja na kigoda chake baada ya alasiri kama kawaida, akakiweka mbele ya televisheni iliyozimwa, akaniambia nimsimulie. Mdomo ulikuwa mkavu kwa saumu. Nikamsimulia mtu anavyotoka, anavyoshuka, anavyobisha. Akasema, "Tena." Kadiri siku zilivyokwenda nilianza kuongeza, kwanza bila kujua. Nikasema amepumzika kwenye jiwe. Nikasema amekunywa maji mtoni. Siku moja nikasema amefika mlangoni akaita "Mama," na mara baada ya kusema nilitamani neno lirudi. Alifumba macho. Akakaa hivyo mpaka magharibi, na wifi akaja kutuita tufuturu.

Jioni ile wifi aliniambia jikoni, nilikoruhusiwa kutoka wakati wa kufuturu tu, kwamba anaogopa mama yake anaharibikiwa akili, na kwamba sisi ndio tuliomwonyesha. Akasema ataitupa kaseti ziwani. Nikamwambia haitasaidia, sasa iko mdomoni mwangu.

Ni yeye aliyetuma habari kwa baba yangu. Baba alikuwa mkulima upande wa Gikundamvura, mtu asiyependa kuingilia nyumba za watu. Alifika baada ya Idi, na mfuko wa mchele begani. Alikaa ukumbini na mama mkwe tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nami nikiwasikia kupitia mlango. Hawakugombana. Baba alisema binti yake ametimiza siku za Mungu na angependa kumchukua. Mama mkwe alisema hawezi kutoa mke wa mtoto wake wakati mtoto wake yuko safarini. Wakarudia maneno hayohayo kwa heshima, huyu akimwita mwenziwe Maman, yule akimwita Papa. Mwisho mama mkwe alisema jambo jipya. Akasema kama kuna kaburi, mtu wa nyumba hii aende alione kwa macho yake, siyo wafanyabiashara. Akiliona, yeye atanyamaza.

Nikagonga mlango kwa ndani. Nikasema nitakwenda mimi.

Tulivuka daraja la Rusizi II kwa miguu siku mbili baadaye, mimi, baba, na yule mzee wa vitenge. Jua lilinipiga usoni nikaona mabaka meusi kwenye mbao za daraja. Baba alinishika kiwiko. Upande wa pili wanajeshi waliangalia karatasi zetu, wakauliza tunakwenda wapi, mzee akawaambia kuzuru kaburi, wakatuacha. Tulipanda gari dogo la mizigo la watu wa soko. Baada ya kona nyingi mzee akapiga bati la gari kwa kiganja, tukashuka.

Palikuwa na kona, mikaratusi, na lori lililoungua ambalo watu walikuwa wamekwisha kulikata vyuma. Chini ya mikaratusi palikuwa na matuta matatu. Mvua zilikuwa zimeyalaza, na majani yalikuwa yamefika magotini. Hapakuwa na jiwe wala kibao.

Mzee aliyazunguka yote. "Ni hili," akasema, akionyesha la katikati. Kisha akasogea. "Ao hili. Tulikuwa tunakimbia, mwanangu."

Sikumkasirikia. Alikuwa analia, mzee wa watu, na hakuwa na sababu ya kurudi pale isipokuwa mimi. Baba alisimama mbele ya yote matatu akasoma Fatiha, sauti yake ikipotea kila gari lilipopita. Mimi nilijaribu kuhisi kitu. Nilisimama kwenye la kwanza, nikasimama kwenye la pili, nikasimama kwenye la tatu. Nilihisi tu kwamba miguu inaniuma, na kwamba nataka kuendelea kusimama nje pale chini ya miti, hata mpaka giza.

Tulirudi jioni. Mama mkwe alikuwa ameketi ukumbini, amevaa nguo za kutokea, kama anayengoja kupelekwa mahali. Wifi alisimama nyuma yake. Hakumuuliza mzee kitu, wala baba.

"Umeliona?" akaniuliza.

"Nimeliona, Mama."

"La kwake peke yake?"

"Peke yake. Limewekewa mawe pande zote. Kuna muntu wa pale analifagia."

Mzee wa vitenge aliinamisha kichwa. Baba aliangalia dirisha.

"Udongo umekaa?" mama mkwe akauliza.

Nilielewa anachouliza. "Umekaa," nikasema. "Majani yameota juu yake, mazito. Hakuna aliyetoka pale."

Aliniangalia kwa muda nilioona ni mrefu kuliko eda yote. Nilidhani amejua. Kisha alifungua ncha ya kanga yake, akatoa ufunguo wa chumba, akauweka mezani. Akamwambia wifi amwite shehe, isomwe hitima. Ilisomwa siku ya tatu. Alipika mwenyewe, akahudumia watu mwenyewe, na wageni walipoondoka akajifungia uani, na kwa mara ya kwanza tulimsikia akilia. Alilia kama watu wanavyolia habari inapofika.

Mpaka leo sijui kama nilimdanganya kwa ajili yake au kwa ajili yangu nitoke. Aliishi miaka minane zaidi. Nilikuwa nimekwisha kuolewa tena, lakini alipokufa wifi aliniita, nami nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Hakuwahi kuniuliza tena habari za kaburi, na hakuwahi kuomba kupelekwa. Nilikuwa nimejiandaa siku zote kwa ombi hilo. Nilikuwa nimepanga hata nitakavyosema kwamba barabara imepanuliwa, kaburi halipo tena.

Siku niliyoondoka kwake, wiki moja baada ya hitima, tulipata nafasi nyuma ya gari linaloteremka Bugarama, kuelekea kwetu, mimi na baba, tumekaa juu ya magunia, upepo ukitupiga. Gari lilipoanza kuteremka, na joto la bondeni likatupokea, baba aliniambia bila kunigeukia:

"Mimi niliona matatu."

"Na mimi, Papa."

Akaitikia kwa kichwa. Akavua kofia yake asije akaipoteza kwa upepo, akaikalia, na hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo. Nyumbani mama yangu alikuwa amepika wali. Alinitandikia mkeka ndani kwa sababu ya wageni, nikamwomba autoe nje.